Mafuta ya sintetiki kwa gari la zamani lenye nguvu: geuza bidoni usome nyuma

Katika maduka ya vipuri ya Lubumbashi, bidoni za mafuta ya injini hupangwa uso ukielekea barabarani. Usoni kuna rangi ya dhahabu, picha ya gari la mashindano, na neno moja lililokolezwa kuliko mengine yote: sintetiki. Mwenye BMW ya miaka ya tisini, au mwenye Toyota Mark II ya turbo iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam ikavuka Zambia na kuingilia Kasumbalesa, akiliona neno hilo pamoja na bei yake anaamini amefika. Kisha fundi wake anampinga: "Papa, hii motere imezeeka. Sintetiki ni mepesi, yatavuja kila mahali. Tuweke mazito, ndiyo yanalinda motere." Mwenye gari anabaki katikati. Kila upande una chembe ya ukweli, na kila upande ukifuatwa kwa upofu unaweza kumaliza injini ambayo vipuri vyake havipatikani tena kirahisi.

Mimi naona ubishi wa sintetiki dhidi ya kawaida umeanzia mahali pasipofaa. Neno lile la mbele ndilo lenye habari kidogo kuliko yote yaliyoandikwa kwenye bidoni. Yanayoamua maisha ya injini yapo nyuma, kwa herufi ndogo.

Kilicho ndani

Mafuta yoyote ya injini yana sehemu mbili. Kubwa ni mafuta ya msingi. Ndogo ni kemikali zinazoongezwa ili kusafisha, kuzuia kutu na povu, na kulinda vyuma vinavyosuguana. API, taasisi ya petroli ya Marekani, imeyagawa mafuta ya msingi katika makundi matano. La kwanza na la pili ni mafuta ghafi yaliyosafishwa, la pili likiwa limesafishwa zaidi. La tatu nalo hutoka kwenye mafuta ghafi, ila molekuli zake zimevunjwa na kupangwa upya kwa hidrojeni, chini ya joto na mgandamizo mkubwa. La nne ni polialfaolefini, maarufu kama PAO, ambazo hujengwa kiwandani kutokana na molekuli ndogo. La tano hukusanya yote yasiyoingia kwenye manne ya kwanza, zikiwemo esta.

Zamani sintetiki ilikuwa kundi la nne na la tano tu. Mobil 1, iliyoingia sokoni mwaka 1974, ilikuwa ya aina hiyo. Mwishoni mwa miaka ya tisini Castrol iliacha PAO katika mafuta yake ya Syntec ikahamia kundi la tatu, na jina la sintetiki likabaki palepale. Mobil ikalalamika mbele ya chombo cha Marekani kinachochunguza ukweli wa matangazo ya biashara. Mwaka 1999 ikashindwa. Tangu uamuzi huo, sehemu kubwa ya mafuta yanayouzwa duniani kwa jina la sintetiki ni ya kundi la tatu. Ujerumani ndiyo iliyobaki kali zaidi juu ya jambo hilo.

Kundi la tatu si baya hata kidogo. Likitengenezwa vizuri linafanya kazi kubwa. Lakini neno la mbele halikwambii umepata kundi lipi, na "nusu sintetiki" linakwambia machache zaidi, kwa kuwa kiasi cha sintetiki kilichochanganywa humo hakitajwi.

Faida yenyewe ya sintetiki ipo, na kwa injini ya turbo naitetea bila kusita. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukipigwa na moshi wa moto kutoka kwenye silinda. Umetoka Likasi ukiyapita malori, ukafika nyumbani ukazima injini papo hapo: pampu imesimama, na mafuta yaliyobaki ndani ya beringi ya turbo yanaungua yakiwa yametulia. Yakiungua yanaacha kaboni ngumu, na kaboni hiyo huziba njia ambayo mafuta mapya yangepita kesho. Sintetiki nzuri huvumilia joto hilo kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuharibika, na hupungua kidogo kwa kugeuka mvuke. Hata hivyo, iache injini ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Hakuna mafuta yanayoondoa haja hiyo.

Namba mbili, na ya tatu isiyoandikwa

Chukua 5W-40. Namba iliyo mbele ya W inahusu baridi. Mafuta ya 5W hupimwa kama yataruhusu injini kuzunguka yakiwa kwenye digrii 30 chini ya sifuri. Ya 15W hupimwa kwenye digrii 20 chini ya sifuri. Kwetu, asubuhi za Juni na Julai joto hushuka chini ya digrii 10, watu wanatoka na makoti, lakini hakuna theluji inayogandisha mafuta. Kwa hiyo kulipa zaidi ili upate 0W badala ya 5W au 10W, kwa ajili ya hiyo sifuri peke yake, ni kununua kinga ya baridi isiyofika Katanga. Upande wa pili, 20W-50 inayopendwa na mafundi wengi huwa nzito mno asubuhi ya Julai. Huchelewa kufika juu kwenye kemshafti, na sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea katika dakika hizo za kwanza. Mimi ningebaki kati ya 5W na 10W, na ningekubali 15W kwa injini isiyo na turbo.

Namba ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi. Inasema mnato wa mafuta yakiwa kwenye digrii 100. Kwa vipimo vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, mafuta ya 30 yana mnato kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5, ya 40 kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, na ya 50 kuanzia 16.3 hadi chini ya 21.9. Tazama upana wa kila ngazi. Bidoni moja ya 40 inaweza kuwa karibu na 30, nyingine karibu na 50, na zote mbili zikaandikwa vilevile.

Kuna namba ya tatu isiyoandikwa mbele ya bidoni, na kwa gari lenye nguvu ndiyo ningeiuliza kwanza. Kati ya krenkshafti na beringi zake kuna nafasi nyembamba kuliko unywele. Humo mafuta hukandamizwa na kukatwa kwa kasi kubwa, joto likizidi lile la mafuta yaliyo kwenye sampo. Kipimo kiitwacho HTHS huiga hali hiyo kwenye digrii 150. Mpaka wa kukumbuka ni 3.5. Injini nyingi za Ulaya zenye nguvu zilizotengenezwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibuniwa kwa mafuta yenye HTHS ya 3.5 au zaidi. Mafuta ya kisasa ya kupunguza matumizi ya esansi mara nyingi hukaa kati ya 2.9 na 3.5, na yale ya 20 hushuka zaidi.

Hapa ndipo watu wanapoumia kwa kutii kitabu nusunusu. Kitabu cha BMW ya zamani kinataja 5W-30. Mwenye gari anakwenda dukani, anapewa 5W-30 iliyotengenezwa kwa ajili ya Toyota mpya, anaona namba zimelingana, anaondoka na amani. Lakini 5W-30 ambayo BMW waliitaka, ile ya kibali cha Longlife-98 au Longlife-01, ina HTHS isiyopungua 3.5. Ile aliyouziwa huenda ina 3.0. Mjini haitaonekana. Kwenye njia ya Kolwezi, adhuhuri ya Oktoba, mguu ukiwa chini, beringi ndizo zitakazolipa.

Mazito si ngao

Fundi anaposema mazito yanalinda, mara nyingi amekwishaona sindano ya presha ikipanda baada ya kuweka 20W-50. Ni kweli inapanda. Presha hupanda kwa sababu mafuta mazito hupita kwa shida, na kupita kwa shida maana yake ni kwamba yanayofika kwenye beringi kwa kila dakika ni machache. Tena pampu ina vali ya usalama: presha ikizidi kiwango chake, sehemu ya mafuta hurudishwa bila kwenda kokote kwenye injini. Ukiibana injini ya baridi yenye mafuta mazito, sindano inapendeza huku beringi zikipata kidogo.

Kuna wakati mazito yanafaa. Injini iliyolika, yenye nafasi kubwa kwenye beringi, ikishapata moto presha yake huanguka mno. Mafundi wa magari ya mashindano wana kanuni yao ya kukadiria: kiasi cha bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa ya moto. Kama presha yako iko chini sana ya hapo na pampu pamoja na kipimo ni vizima, kutoka 40 kwenda 50 ni hatua ya busara. Lakini ipime kwanza kwa geji ya mkono iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini. Umri wa gari peke yake hausemi kwamba injini imelika. Nimeona injini za zamani zilizotunzwa vizuri zenye presha inayoshinda ya gari la juzi.

Zipo pia injini zilizozaliwa na mafuta mazito. BMW M3 ya E46, yenye injini ya S54, ilielekezwa na kiwanda itumie 10W-60. Kwa hiyo usiipe 5W-30 kwa sababu jirani anaitumia, na usichukue 10W-60 ukaimimina kwenye Mark II kwa kuwa namba 60 inasikika ya kimichezo.

Zinki na fosforasi

Kemikali inayoitwa ZDDP, yenye zinki na fosforasi, huacha utando mwembamba juu ya chuma. Mafuta yakibanwa mpaka yakaisha kati ya vyuma viwili, utando huo ndio unaosuguliwa badala ya chuma. Ndani ya 1JZ-GTE, injini ya Chaser na Mark II za turbo, pembe za kemshafti hupita zikiteleza juu ya vikombe vinavyosukuma vali, bila rola. Mahali kama hapo panahitaji ZDDP ya kutosha.

Ila fosforasi huharibu katalizeri kwenye ekzosi, ndiyo sababu kiwango chake kilipunguzwa. API hutoa ngazi za ubora zenye herufi: API SL ya mwaka 2001 iliruhusu fosforasi hadi asilimia 0.10, API SM ya mwaka 2004 ikashusha hadi 0.08. Wenye magari ya zamani wakashtuka, wakaanza kutafuta bidoni za ngazi za zamani, SF na SG, kana kwamba dawa imepigwa marufuku. Wengi hawakuambiwa kwamba mpaka huo wa 0.08 unabana ngazi nyepesi tu, kama 5W-30 na 10W-30. Mafuta ya 5W-40, 10W-40 au 15W-40 hayabanwi nao, na mengi yana fosforasi zaidi ya hapo. Basi mtu anayetumia 40 bora hana haja ya chupa za kuongezea zinki. ZDDP ikizidi nayo ina madhara, na ukimimina chupa ngeni unavuruga mchanganyiko uliopimwa kiwandani.

Sasa geuza bidoni

Tuseme nyuma pameandikwa hivi: SAE 5W-40, API SN, ACEA A3/B4, MB-Approval 229.5, BMW Longlife-01. Mstari huo unakwambia karibu kila kitu. A3/B4 ya chama cha watengenezaji magari wa Ulaya inalazimisha HTHS ya 3.5 au zaidi na inaweka kikomo cha mvuke unaopotea. MB-Approval 229.5 maana yake Mercedes wenyewe wameyapima mafuta hayo na kuyaweka kwenye orodha yao. Kama lebo inasema tu kwamba mafuta "yanakidhi matakwa ya" 229.5, hiyo ni kauli ya muuzaji. Huenda ni kweli, lakini kiwanda cha gari hakikuithibitisha. Bidoni nyingi hapa zimeandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo tofauti hiyo unaweza kuisoma mwenyewe bila mkalimani.

Ukiona C3 badala ya A3/B4, fikiri mara mbili. C3 nayo ina HTHS ya 3.5, lakini imepunguziwa majivu ili kulinda vichujio vya moshi vya magari mapya, na kwa hiyo akiba yake ya alkali ni ndogo: kiwango cha chini ni 6, wakati B4 hudai 10. Alkali hiyo ndiyo inayozima asidi inayotokana na salfa ya esansi. Ulaya esansi ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Sisi tunaojaza popote, pamoja na kwa kadhafi, wauzaji wa esansi ya vibidoni kando ya barabara, hatujui tumekunywa nini. Gari la zamani lisilo na kichujio hicho halifaidiki na C3, na linapoteza akiba.

Vumbi nalo nitalisema kwa ufupi, kwani halina siri. Vumbi jekundu likipita kwenye filta ya hewa iliyochakaa au iliyofungwa vibaya, hula silinda na pete hata kama mafuta ni ya bei ya dhahabu. Vipindi vya Ulaya vya kilomita 15,000 na zaidi havikupangwa kwa ajili ya barabara zetu. Fanya vidanje, yaani kumwaga mafuta na kuweka mapya, kila kilomita 5,000, au kila miezi sita kwa gari linalotembea mara chache, na filta ya mafuta ibadilishwe kila mara. Filta nzuri ina vali inayozuia mafuta kushuka usiku. Filta ya bei ya chini ikikosa vali hiyo, utasikia injini ikigonga kila asubuhi kabla presha haijapanda.

Bandia

Yote niliyoeleza hayana maana kama bidoni si ya kweli. Bidoni tupu za majina makubwa huokotwa, hujazwa mafuta ya pipa au hata mafuta yaliyokwisha kutumika na kuchujwa, kisha hufungwa upya. Angalia pete ya kifuniko kama imekatika. Tafuta namba ya toleo iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, na linganisha bidoni mbili za rafu moja: urefu wa mafuta kwenye mstari wa pembeni, rangi ya kifuniko, jinsi lebo ilivyobandikwa. Nunua kwa mtu anayeweza kukupa fakturi na atakayekuwepo mwezi ujao. Na baada ya vidanje itoboe bidoni yako tupu, palepale garaji, mbele ya watu.

Kwa sababu hiyo hiyo siwadharau wanaotumia 15W-40 ya malori. Mji wetu unaishi kwa migodi, malori ni mengi, na mafuta ya injini za dizeli yenye alama CI-4/SL hutoka dukani haraka bila kukaa miaka. Yana kemikali nyingi za kusafisha na kulinda, na ile SL inaonyesha yamekubaliwa kwa esansi pia. Nikilazimishwa kuchagua kati ya bidoni ya kweli ya 15W-40 hiyo na sintetiki nisiyoiamini, nachukua 15W-40, nafanya vidanje kila kilomita 4,000, na usingizi wangu ni mzima.

Kubadili bila kuvuja

Hofu ya fundi kuhusu kuvuja ina asili yake. Sintetiki za mwanzo, za PAO tupu, zilifanya sili za mpira zinywee kidogo. Za leo huchanganywa na esta au kemikali nyingine zinazorekebisha hilo. Kinachotokea sasa ni kwamba mafuta yenye nguvu ya kusafisha huondoa uchafu mgumu uliokuwa umeziba ufa wa sili iliyokwisha kukauka. Ufa ulikuwepo tangu zamani, ila sasa unaonekana, na dawa yake ni kubadilisha sili.

Kabla ya kubadili, fungua kifuniko cha kumiminia mafuta uangalie chini yake kwa tochi. Ukiona chuma chenye rangi ya kahawia hafifu, endelea bila wasiwasi. Ukiona matope meusi kama lami, teremsha sampo kwanza uisafishe pamoja na chujio la pampu, la sivyo uchafu utakaomeguka utaziba njia ya kunyonyea mafuta. Vidanje ya kwanza baada ya kubadili ifanye mapema, kilomita 1,500 hivi. Mafuta yatatoka meusi sana, na hiyo ni dalili kwamba yamefanya kazi. Kuchanganya sintetiki na ya kawaida hakuleti mlipuko wala mgando. Mafuta yenye alama ya API yanatakiwa kuchanganyika. Kama umepungukiwa njiani, ongeza ulichokipata.

Ukiniuliza kwa gari mojamoja: Mercedes ya V8 ya mwisho wa miaka ya tisini ningeipa 5W-40 yenye kibali cha 229.3 au 229.5. Mark II au Chaser ya 1JZ, 5W-40 au 10W-40 ya A3/B4, na ikiwa turbo imeongezwa nguvu na joto la mafuta linapita digrii 120 mara kwa mara, 10W-50 ya PAO pamoja na kipozeo cha mafuta. M3 ya E46, 10W-60, basi. Subaru ya turbo isiyotoa moshi wala kugonga, 5W-40, na kijiti cha mafuta kisomwe kila Jumamosi, kwani injini hizo hula mafuta na hazisemi mpaka zimechelewa.

Ukimaliza, andika tarehe, kilomita, jina la mafuta na namba zake kwenye kipande cha plasta, ukibandike chini ya boneti karibu na kifuniko cha mafuta. Fundi atakayelifungua gari hilo baada yako, hata kama ni wa Likasi au Ndola, atajua cha kuongeza bila kukupigia simu.